Somo la Kompyuta na Ujira: Klasi Dhahania ni Kitu Gani, na Yatuhusu Nini?

Siku hizi katika mashamba mengi na viwanda vingi ujira wetu hauhesabiwi tena na karani mwenye kalamu na daftari kubwa. Chai hupimwa kwa mizani ya umeme, kilo huingizwa katika mashine ndogo ya mkononi, na mwisho wa mwezi kompyuta hutoa hesabu. Wengi wetu hulipwa kwa simu. Mfanyakazi akiona fedha zimepungua akaenda kuuliza, hujibiwa: "Kompyuta ndiyo imesema." Hapo wengi hunyamaza na kurudi kazini, kwa kuwa wanadhani hakuna awezaye kubishana na mashine.

Somo la leo lataka kuonyesha kwamba kompyuta haina neno lake yenyewe. Husema yale iliyoandikiwa na mtu. Na yaliyoandikwa na mtu yaweza kuulizwa, kukaguliwa na kusahihishwa, kama tulivyokuwa tukilikagua daftari la karani. Tutachukua jambo moja tu katika uandishi wa programu za kompyuta, nalo huitwa klasi dhahania. Jina lake ni gumu kuliko lenyewe. Sisi tunaoandika haya tuliishia darasa la saba, na tumelielewa. Nawe utalielewa ukisoma polepole, penseli mkononi.

1. KLASI NA KITU

Programu ni maagizo ambayo mtu huiandikia kompyuta, hatua kwa hatua. Zipo namna nyingi za kuyapanga maagizo hayo. Namna moja inayotumika sana ni kuyapanga kwa klasi.

Fikiria fomu tupu ya mfanyakazi mpya iliyoko ofisini. Ina mahali pa jina, namba na idara. Fomu hiyo moja yaweza kuchapwa nakala elfu, na kila nakala ikijazwa inakuwa ya mtu fulani. Klasi ni kama fomu ile tupu. Nakala iliyojazwa, wataalamu huiita kitu. Fomu ni moja, vitu ni vingi.

Lakini klasi huizidi fomu kwa jambo moja. Ndani ya klasi huandikwa pia matendo, yaani jinsi ya kufanya kazi fulani. Klasi ya mfanyakazi yaweza kuwa na tendo la kuhesabu ujira, tendo la kuhesabu ziada ya sikukuu, na tendo la kuchapa hati ya mshahara.

Tena klasi huweza kurithi. Mwandishi wa programu huanza na klasi moja kubwa, tuseme Mfanyakazi. Hii ndiyo klasi mzazi. Chini yake huweka klasi watoto: Mchumaji, FundiKiwanda, Mlinzi, Mnyunyizaji. Kila mtoto hurithi yote yaliyoandikwa kwa mzazi bila kuandikwa upya. Mtoto akitaka njia yake katika jambo fulani, huandika tendo lake mwenyewe, na hilo hushinda la mzazi. Asipoandika lake, hutumia la mzazi. Shika sana neno hili la mwisho, maana hapo ndipo fedha zetu hupotelea.

2. WATU TOFAUTI, HESABU TOFAUTI

Hebu tuone kwa mifano. Tarakimu hizi ni za kujifunzia hesabu tu, wala si mshahara wa kampuni yo yote. Kodi tumeiacha nje ili hesabu iwe nyepesi.

Mchumaji hulipwa kwa kilo. Amechuma kilo 900 kwa mwezi, na bei ni shilingi 100 kwa kilo. Ujira wake ni 900 × 100 = shilingi 90,000.

Mlinzi hulipwa kwa zamu. Amefanya zamu 26, kila zamu shilingi 7,000. Ujira wake ni shilingi 182,000.

Fundi wa kiwandani hulipwa kwa mwezi. Mshahara wake ni shilingi 208,000. Kwa kazi ya saa 48 kwa juma, mwezi una saa 208, kwa hiyo saa moja ni shilingi 1,000. Sheria ya Kazi ya Uganda ya mwaka 2006 yasema saa za ziada katika siku za kawaida zilipwe si chini ya mara moja na nusu, na saa za ziada katika sikukuu za serikali zilipwe mara mbili. Fundi huyu akifanya saa 10 za ziada siku za kawaida, ni 10 × 1,500 = 15,000. Akifanya saa 4 za ziada siku ya sikukuu, ni 4 × 2,000 = 8,000. Jumla yake ni shilingi 231,000.

Watu watatu, njia tatu. Hakuna njia moja iwezayo kuwahesabia wote kwa haki.

3. KOSA LISILOPIGA KELELE

Sasa tutaeleza jambo tulilolikuta wenyewe katika kampuni moja ambayo hatutaitaja. Tarakimu tunaendelea na zile zile za mifano yetu, lakini kosa ni lile lile tuliloliona.

Kampuni ilinunua programu ya mishahara iliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya watu wa ofisini. Katika klasi mzazi, Mfanyakazi, kulikuwa na tendo la kuhesabu ziada ya sikukuu. Liliandikwa hivi: chukua mshahara wa mwezi, gawanya kwa 208, zidisha kwa saa za sikukuu, kisha zidisha kwa 2. Kwa mtu wa ofisini hesabu hiyo ni sawa kabisa.

Baadaye programu ikaletwa shambani. Mwandishi akaongeza klasi Mchumaji, akamwandikia tendo lake la ujira: kilo mara bei. Vizuri. Lakini ziada ya sikukuu hakuikumbuka. Mchumaji akarithi ile ya mzazi.

Chukua penseli. Mchumaji hana mshahara wa mwezi, kwa hiyo mahali pale pameandikwa 0. Sifuri gawanya kwa 208 ni sifuri. Sifuri mara saa 8 ni sifuri. Sifuri mara 2 ni sifuri. Kompyuta haikusimama, haikulia, haikuonyesha alama nyekundu. Ilifanya hesabu yake sawasawa, ikatoa jibu la sifuri, ikaendelea kwa mtu mwingine.

Mapatano yetu ya pamoja yalisema anayechuma siku ya sikukuu alipwe bei mara mbili. Aliyegundua kosa hakuwa mhasibu. Ni mama mmoja mchumaji mwenye desturi ya kuandika kilo zake kila jioni katika daftari la mtoto wa shule. Siku ya sikukuu alichuma kilo 40. Alitegemea 40 × 200, yaani shilingi 8,000. Alipata 4,000. Alipouliza, karani akamwambia mizani haidanganyi. Ni kweli, mizani haikudanganya: kilo zote 40 zilikuwamo. Iliyokosekana ni ziada.

Shilingi 4,000 huenda mtu akasema ni kidogo. Lakini tuseme wachumaji ni 300. Basi ni 300 × 4,000 = shilingi 1,200,000 kwa sikukuu moja. Tena kuna akiba ya uzeeni. Mwajiri hupaswa kuchangia asilimia 10 ya ujira katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, na mfanyakazi asilimia 5. Ziada ikipotea, na mchango wake hupotea. Mama yule alikosa chakula cha leo, akakosa na cha uzeeni.

4. DAWA YAKE: KLASI DHAHANIA

Neno dhahania maana yake ni jambo lililo katika fikira, lisiloshikika kwa mkono. Mfanyakazi kwa jumla ni jambo la namna hiyo. Hakuna mtu anayefika langoni akaandikwa "mfanyakazi" basi. Kila mmoja huandikwa kwa kazi yake: mchumaji, mlinzi, fundi, mnyunyizaji. "Mfanyakazi" ni jina linalotukusanya sote, lakini hakuna awezaye kulipwa kwa jina hilo pekee, maana hatujui alipwe kwa kilo, kwa zamu au kwa mwezi.

Klasi dhahania basi ni klasi mzazi ambayo haiwezi kutoa kitu chake yenyewe. Kazi yake ni kurithiwa. Ndani yake huweza kuwamo matendo ya namna mbili. La kwanza ni tendo kamili, lililoandikwa lote, ambalo watoto hulirithi. La pili ni tendo dhahania. Hili lina jina tu, halina maagizo ndani yake. Ni kama mwandishi anasema: "Kila mtoto wangu ni lazima awe na tendo hili. Mimi sisemi alifanye vipi, lakini asiponiandikia lake simpokei."

Tuiandike kwa Kiswahili chetu:

KLASI DHAHANIA Mfanyakazi
– jina, namba, idara
– TENDO DHAHANIA ujiraWaMwezi
– TENDO DHAHANIA ziadaYaSikukuu
– TENDO andaaHati:
jumla = ujiraWaMwezi + ziadaYaSikukuu
akiba = jumla × 5 ÷ 100
chapa jina, jumla, akiba, na jumla − akiba

KLASI Mchumaji, MTOTO WA Mfanyakazi
– kilo, bei, kiloZaSikukuu
– TENDO ujiraWaMwezi: kilo × bei
– TENDO ziadaYaSikukuu: kiloZaSikukuu × bei

Kilo za sikukuu zimekwisha kulipwa mara moja pamoja na kilo zote za mwezi. Ndiyo sababu ziada ni bei moja zaidi, ili zitimie mbili.

Jaribu sasa kwa mama yetu. Kilo zote ni 900, na 40 kati yake ni za sikukuu. Ujira ni 90,000. Ziada ni 4,000. Jumla ni 94,000. Akiba asilimia 5 ni 4,700. Mkononi hupata shilingi 89,300. Kwa programu ile ya kwanza angepata 90,000 kutoa 4,500, yaani 85,500. Tofauti yaonekana.

Je, mwandishi akisahau kuandika ziadaYaSikukuu ya Mchumaji, itakuwaje? Hapo ndipo faida ya klasi dhahania. Programu nyingi, kabla hazijaanza kufanya kazi, hupitishwa kwa mkaguzi ambaye wataalamu humwita kompaila. Naye si mtu, ni programu nyingine inayosoma maagizo na kuyageuza kuwa lugha ya mashine. Kompaila akikuta mtoto hajajaza tendo dhahania la mzazi, hukataa. Hutaja klasi yenye upungufu na tendo lililokosekana. Hakuna hati itakayochapwa mpaka nafasi ile ijazwe.

Katika kampuni tuliyoieleza, baada ya majadiliano, kijana aliyeitunza programu alikubali kufanya hivyo. Ile hesabu ya watu wa mshahara wa mwezi aliiteremsha kutoka kwa mzazi akaiweka kwa FundiKiwanda na kwa watu wa ofisini, mahali pake. Kwa mzazi akaacha jina tu, akaandika kuwa ni dhahania. Kisha akaipitisha kwa kompaila mbele yetu.

Ikakataa. Ikamtaja Mchumaji, kama tulivyotegemea. Lakini ikamtaja na Mlinzi, ikamtaja na Mnyunyizaji. Wanyunyizaji wa dawa hulipwa kwa kipande, walinzi kwa zamu. Wote hawana mshahara wa mwezi, wote walikuwa wakipata sifuri ile ile. Na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amelalamika, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuwa ameandika hesabu yake. Sisi tulikwenda kudai ya wachumaji, na mashine ikatuonyesha ndugu wengine wawili waliokuwa wakidhulumiwa kimya kimya.

5. KINACHOFANANA NA KINACHOTOFAUTIANA

Mtu aweza kuuliza: kama kila mtoto huandika lake, mzazi wa nini? Kwa nini tusiwe na klasi nne mbalimbali, kila moja na mambo yake?

Tazama tena tendo andaaHati. Limeandikwa mara moja tu, kwa mzazi. Linataja ujira na ziada ingawa lenyewe halijui zinahesabiwaje. Likimfikia mchumaji, hutumia hesabu ya mchumaji. Likimfikia mlinzi, hutumia ya mlinzi. Lakini utaratibu ni mmoja kwa wote: kwanza ujira, pili ziada, tatu akiba, kisha hati. Asilimia 5 ya akiba haifai kuandikwa mahali pane, maana siku ikibadilika patasahihishwa patatu na pa nne pasahaulike. Na hati ya mshahara yenye mchanganuo ni haki ya kila mfanyakazi kwa sheria ile ya mwaka 2006, si zawadi ya idara fulani.

Basi kanuni ni hii: kinachofanana kwa wote kiandikwe juu mara moja, kinachotofautiana kiachwe wazi kwa kila mmoja, lakini kwa lazima.

Wana chama watatambua kwamba hii si kanuni ngeni. Mapatano yetu ya pamoja yamejengwa hivyo hivyo. Sehemu ya kwanza ni ya wote: likizo, matibabu, namna ya kupeleka malalamiko. Halafu yasema kila idara itakuwa na jedwali lake la viwango. Idara isiyo na jedwali haijakamilika, na mapatano hayatiwi saini mpaka jedwali liwepo. Katibu wa tawi anayekataa kutia saini karatasi yenye pengo anafanya kazi ile ile ya kompaila.

6. MAARIFA HAYA YALITOKA WAPI

Huenda mtu akadhani mambo haya yalibuniwa na matajiri kwa ajili ya matajiri. Historia yasema vingine. Namna hii ya kupanga programu kwa klasi na kurithi ilianza nchini Norwei, katika kituo cha kompyuta mjini Oslo, katika miaka ya 1960. Waliobuni ni Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, na lugha yao iliitwa Simula 67. Tayari katika lugha hiyo mzazi aliweza kutaja tendo na kuwaachia watoto walijaze.

Bwana Nygaard hakuishia hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifanya kazi pamoja na chama cha wafanyakazi wa chuma na metali cha Norwei. Wafanyakazi viwandani walikaa katika matawi yao wakajifunza jinsi kompyuta zinavyopanga na kusimamia kazi yao, ili wakikaa mezani na waajiri wajue la kusema. Kutokana na juhudi hizo, mwaka 1975 shirikisho la vyama vya wafanyakazi na chama cha waajiri nchini humo walitia saini mapatano juu ya kompyuta kazini. Wafanyakazi wakapata haki ya kuelezwa, kwa lugha wanayoielewa, mitambo inayoletwa, na haki ya kuwachagua wawakilishi wao wa mambo hayo. Dahl na Nygaard walipewa Tuzo ya Turing, iliyo kubwa kuliko zote katika fani ya kompyuta, ya mwaka 2001. Wote wawili walifariki mwaka 2002.

Wengine waliendeleza kazi hiyo. Bjarne Stroustrup wa Denmark, aliyekuwa ameitumia Simula, alitengeneza lugha ya C++, na katika toleo la mwaka 1989 ikawekewa klasi dhahania. Lugha ya Java, iliyotangazwa mwaka 1995, ina neno lake maalumu kwa jambo hili, neno la Kiingereza abstract. Ukionyeshwa karatasi ya programu ya Java ukaliona neno hilo mbele ya jina la klasi au la tendo, ujue ndilo somo letu la leo.

Lugha hazifanani katika kukataa. C++ na Java hukataa mapema, programu ikiwa bado kwa kompaila. Lugha ya Python, nayo mwandishi akitaka, hukataa baadaye kidogo: programu ikiwa kazini, wakati kitu cha klasi yenye pengo kinapotaka kuundwa. Na wapo waandishi wasiotumia klasi dhahania, bali huandika kwa mzazi agizo la kusimama na kulia kosa. Hilo ni afadhali kuliko sifuri ya kimya, lakini kilio chake husikika siku ya malipo, watu wakiwa wamekwisha kopa dukani. Kosa linalokataliwa mapema ni rahisi kulirekebisha.

7. TUSIDANGANYIKE

Ni wajibu wetu kusema pia yale ambayo klasi dhahania haiwezi.

Kwanza, hulazimisha jibu liwepo. Hailazimishi jibu liwe la haki. Mwandishi mvivu, au aliyeagizwa vibaya, aweza kujaza: ziadaYaSikukuu ya Mnyunyizaji ni 0. Kompaila atapokea, maana sifuri nayo ni jibu. Ni kama mapatano yanayosema mwajiri atatoa gari la kwenda kazini, naye akaleta lori bovu lisilo na maturubai. Kifungu kimejazwa, watu wananyeshewa. Lakini ipo tofauti kubwa. Sifuri iliyorithiwa hakuna aliyeiandika, na kila mtu atasema hakujua. Sifuri iliyoandikwa ina mahali pake, na aliyeiandika aweza kuulizwa ni nani aliyemwagiza.

Pili, mzazi huwalinda watoto wake tu. Mtu aliyewekwa nje ya mti ule halindwi. Watu walioletwa na mkandarasi mara nyingi huandikwa katika klasi nyingine kabisa, pamoja na mafuta na magunia, kama gharama. Hao hata Mfanyakazi ikiwa na matendo dhahania kumi, hayawafikii. Kwa hiyo usiulize tu klasi mzazi ina nini. Uliza pia ni nani hayumo chini yake.

Tatu, si kila kitu kiwe dhahania. Mwandishi akiacha kila tendo wazi, kila idara itajitungia yake, na usawa utavunjika. Likizo ya ugonjwa ikiwa ni moja kwa wote katika mapatano, na iwe moja kwa mzazi.

8. LA KUFANYA KATIKA TAWI

Hatusemi kila mwakilishi awe mwandishi wa programu. Twasema ajue la kuuliza. Mwajiri akileta programu mpya ya mishahara, au akibadilisha ya zamani, wawakilishi waombe kikao na waulize haya:

(a) Programu inatambua aina ngapi za wafanyakazi? Tupatiwe orodha. Je, wa mkandarasi na vibarua wamo?

(b) Kwa kila aina, ujira, saa za ziada, sikukuu na ugonjwa vinahesabiwaje? Tuandikiwe kwa maneno ya kawaida.

(c) Katika hesabu hizo, zipi zimerithiwa kutoka kwa mzazi, na zipi zimeandikwa kwa aina yenyewe? Iliyorithiwa ilitungwa kwa ajili ya nani?

(d) Ikiongezwa aina mpya ya wafanyakazi na hesabu moja ikasahauliwa, programu itakataa au itaendelea? Ikikataa, ni lini: kabla ya kutumika, au siku ya malipo?

Swali la (d) ndilo kubwa. Anayejibu "itaendelea tu" amekwisha tuambia kwamba kuna mahali fedha zaweza kupotea bila mtu kujua.

Pamoja na maswali hayo, chagueni mtu mmoja katika kila aina ya kazi, mwandike siku zake, kilo zake au zamu zake kwa mwezi mzima, mhesabu kwa penseli, kisha mlinganishe na hati ya kompyuta. Msichague wachumaji peke yao kwa kuwa ndio wengi. Chagueni hasa wale walio wachache na wasiolalamika.

9. MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kampuni yenu kuna aina ngapi za malipo? Ziandikeni kama watoto wa klasi Mfanyakazi.

2. Taja mambo matatu yanayofaa kuandikwa kwa mzazi mara moja, na mambo matatu yanayofaa kuachwa dhahania. Toeni sababu.

3. Mlinzi wetu wa shilingi 7,000 kwa zamu amefanya zamu 26, na 2 kati yake zilikuwa siku za sikukuu. Mapatano yasema zamu ya sikukuu hulipwa mara mbili. Mwandikieni tendo ziadaYaSikukuu, kisha mhesabu jumla, akiba ya asilimia 5, na atakachopata mkononi. (Jibu: jumla 196,000, akiba 9,800, mkononi 186,200.)

4. Hesabuni tena swali la 3 kama programu ingekuwa ile ya kwanza, yenye mzazi asiye dhahania. Mlinzi angepoteza kiasi gani mkononi? (Jibu: 13,300.)

Ndugu wafanyakazi, wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la leo limo ndani ya kompyuta, lakini bado ni daftari, na bado ni mali yetu inayoandikwa humo. Mama yule alianza na penseli na daftari la mtoto wa shule. Nasi tuanzie hapo.

Umoja ni nguvu.